Madaraja Yaning'iniayo Juu ya Mito ya Marekani

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, alisema niandike jambo lolote la historia, mradi vijana walioko madarasani wasilale. Sharti hilo ni gumu. Nilifikiri siku mbili, na kilichonijia akilini ni mnyororo wa baiskeli.

Wenzangu wa mkondo wetu watakumbuka. Tulikuwa Kidato cha Tatu, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, harufu ya maharage imekwisha kufika madirishani. Mwalimu wetu wa Fizikia aliingia na mnyororo mkuukuu wa baiskeli, akaufunga baina ya viti viwili, kisha akaning'iniza kopo la maji katikati yake. Viti vikaanza kusogeleana vyenyewe. Akauliza, "Kazi iko wapi hapa?" Darasa zima tukalinyoshea kidole kopo. Akatikisa kichwa, akawakalisha wavulana wawili wanene juu ya viti vile, navyo vikatulia. "Nyote mnatazama katikati," alisema. "Tazameni mwisho wa mnyororo." Kengele ikalia, tukakimbilia chakula, nami sikulifikiri tena neno lile kwa muda wa miaka zaidi ya kumi.

Mimi si mhandisi, na nawaomba wahandisi waliopitia shule yetu, ambao ni wengi na wakali, wanivumilie. Nilisoma Historia Chuo Kikuu, nikaingia serikalini, na tangu hapo maisha yangu yamekuwa majalada, fomu na sahihi. Lakini mwaka 2017 nilipelekwa Marekani kwa mafunzo mafupi ya utawala, na Jumamosi moja nikajikuta juu ya daraja la kuning'inia katika mji wa Cincinnati, nina saa sita za mapumziko na sina pa kwenda. Nililivuka daraja lile mara nne. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za madaraja ya namna hiyo kila nipatapo nafasi. Sababu yake hasa nitaieleza mbele, wala si ya kujivunia.

Daraja la kuning'inia halikuvumbuliwa na Wamarekani. Watu wa milima ya Andes, kule Amerika ya Kusini, walikuwa wakivuka mabonde yao kwa kamba nene za majani yaliyosokotwa kabla Wazungu hawajafika huko. Kilichokuwa kipya Marekani ni daraja la minyororo ya chuma lenye sakafu iliyonyooka, ambayo gari la farasi laweza kupita juu yake bila kushuka kama bondeni na kupanda tena. Aliyelijenga hakuwa mhandisi. Alikuwa hakimu wa Pennsylvania, jina lake James Finley (nawaomba wanafunzi wa michepuo ya Sanaa walitie jambo hili moyoni), naye alijenga la kwanza mwaka 1801 juu ya kijito kiitwacho Jacob's Creek. Upana wake ulikuwa futi 70 tu, yaani kama mita 21.

Madaraja ya minyororo yalienea upesi, na mengine yalianguka upesi vilevile. Moja lililokuwa juu ya mto Schuylkill, karibu na Philadelphia, lilianguka mwaka 1811 kundi la ng'ombe lilipokuwa likivuka. Likajengwa tena, na mwaka 1816 likalemewa na theluji na barafu, likaanguka mara ya pili. Pembeni mwa mto palikuwa na kiwanda cha kutengeneza nyaya, mali ya Josiah White na Erskine Hazard. Mabwana hawa hawakungoja. Walifunga nyaya kutoka dirisha la juu la kiwanda mpaka mti wa ng'ambo, wakapanga mbao nyembamba juu yake, wakawa wanatoza senti moja kwa kila mvukaji, na sharti lao lilikuwa wasipite watu zaidi ya wanane kwa wakati mmoja. Waandishi wengi hulihesabu hilo kuwa daraja la kwanza la nyaya duniani.

Hapo ndipo pana siri ya mambo yote yatakayofuata. Katika mnyororo, kila kiungo hutegemea kiungo kilicho jirani yake. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo mzima umekatika. Nyaya elfu moja zilizolazwa bega kwa bega na kufungwa pamoja zina tabia nyingine. Ukikatika waya mmoja, mia tisa tisini na tisa husalia kazini, na mvukaji hajui hata kwamba kumetokea jambo.

Katika miaka ya 1840 palitokea wanaume wawili walioshindana kulitumia wazo hilo. Wa kwanza ni Charles Ellet, mzaliwa wa Pennsylvania, aliyekwenda Paris kusoma uhandisi. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, jasiri, mwenye haraka. Wa pili ni John Roebling, Mjerumani aliyezaliwa Mühlhausen mwaka 1806 na kuhamia Marekani mwaka 1831, akajaribu ukulima kijijini, ukamshinda. Kilichomwokoa ni kamba. Pale Pennsylvania palikuwa na reli iliyopandisha mashua milimani kwa kuvutwa na kamba za katani, nazo zilikuwa zikichakaa na kukatika. Mnamo mwaka 1841 Roebling alianza kusokota kamba za nyaya za chuma nyuma ya nyumba yake, na toka siku hiyo hakulima tena.

Roebling alipata kumwandikia Ellet akiomba kufanya kazi chini yake. Hakupewa kazi. Ellet ndiye aliyejenga daraja la Fairmount huko Philadelphia mwaka 1842, na Ellet ndiye aliyepewa kazi ya Niagara mwaka 1847, na ile ya Wheeling juu ya mto Ohio, ambazo zote mbili Roebling alizitamani. Yeyote aliyewahi kuona cheo alichokitarajia kikienda kwa mwenzake mwenye ulimi laini atamwelewa Mjerumani yule.

Kisa cha Niagara kitawapendeza vijana. Genge la mto lilikuwa na kina kirefu na maji makali, mashua haiwezi kupita, basi waya wa kwanza utafikaje ng'ambo? Ellet alitangaza zawadi kwa atakayevusha uzi kwa tiara. Kijana wa umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu au cha Nne, Homan Walsh, alilivusha tiara lake mwanzoni mwa mwaka 1848 baada ya jaribio la kwanza kushindwa, uzi ulipokatwa na barafu. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta kamba nene zaidi, hatimaye ukapita waya. Ellet mwenyewe akajining'iniza ndani ya kikapu cha chuma akavuka mbele ya watu. Akajenga daraja dogo la muda, kisha akagombana na kampuni iliyomwajiri juu ya fedha za ushuru, akaondoka zake.

Lakini fahari yake kuu ilikuwa Wheeling. Daraja lake la huko lilikamilika mwaka 1849, futi 1,010 kutoka mnara hadi mnara, yaani kama mita 308, na wakati huo hapakuwa na daraja refu kuliko hilo ulimwenguni. Lilikuwa jepesi na la kupendeza macho.

Hapa mtumishi wa serikali lazima asimame kidogo, maana jalada la Wheeling ni tamu. Wakubwa wa Pennsylvania waliona kwamba meli za moshi zenye dohani ndefu zitazuiwa kufika Pittsburgh, wakafungua kesi katika Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1852 mahakama iliamua kwamba daraja ni kizuizi. Linyanyuliwe au liondolewe. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria kwamba daraja ni njia halali ya posta, kwa hiyo libaki. Na wakili wa Pennsylvania katika shauri lile, Edwin Stanton, ndiye ambaye miaka kumi baadaye, akiwa Waziri wa Vita wa Rais Lincoln, alimpa Ellet huyohuyo kazi ya kuunda manowari za kugonga meli za adui. Ellet alijeruhiwa katika vita vya Memphis mwaka 1862, akafa.

Wala si mahakama wala Bunge lililoliangusha daraja la Wheeling. Tarehe 17 Mei, 1854, upepo mkali ulivuma juu ya mto. Mwandishi wa gazeti la mji, aliyekuwapo, alieleza jinsi sakafu ilivyoinuka na kushuka kama merikebu katika tufani, jinsi ilivyojipinda toka mwanzo hadi mwisho, hata karibu nusu yake ikawa kama imegeuzwa juu chini, kisha ikaanguka yote majini. Sakafu ya Ellet ilikuwa nyepesi mno, na hakuna kilichoizuia isicheze na upepo.

Wakati huo Roebling alikuwa Niagara. Alikuwa amepewa kazi ile baada ya Ellet kuondoka, naye anajenga daraja la kupitisha gari moshi, jambo ambalo wahandisi wakubwa wa Uingereza na Marekani walisema haliwezekani. Habari za Wheeling zilipomfikia hakusherehekea. Aliongeza kamba za chuma chini ya sakafu, akazifunga kwenye miamba ya genge. Kwa mawazo yake, daraja la kuning'inia lilihitaji mambo matatu pamoja na nyaya: liwe zito, liwe gumu kama boriti, na lifungwe kwa kamba za mshazari zitokazo juu ya minara. Treni ya kwanza ilipita Machi 1855. Daraja lile la futi 821 lilifanya kazi hadi mwaka 1897, na liliondolewa kwa sababu treni zilikuwa zimekua nzito mno.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ndogo, na watalii wachache huijua. Ni mfereji wa maji unaoning'inia juu ya mto Delaware, uliojengwa kati ya mwaka 1847 na 1848 ili mashua za makaa ya mawe zivuke juu ya mto badala ya kugongana na magogo yaliyoelea chini. Mashua ilipoingia katika mfereji ule, daraja halikubeba uzito zaidi ya uliokuwapo kabla haijaingia. Nawaachia Kidato cha Pili waeleze sababu; wakishindwa, wamwulize Archimedes. Mfereji ulifungwa mwaka 1898, ukageuzwa kuwa njia ya magari, na mwaka 1980 serikali ikaununua kwa ajili ya hifadhi ya taifa. Nyaya zinazoubeba mpaka leo ni zilezile alizozilaza Roebling.

Sasa nirudi Cincinnati. Mto Ohio pale ni mpana, maji yake ya rangi ya chai ya maziwa. Upande wa kusini ni Covington, katika jimbo la Kentucky. Upande wa kaskazini ni Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Msomaji akitazama ramani ataona mto tu. Lakini kabla ya mwaka 1865 mto ule ulikuwa mpaka wa utumwa: Kentucky binadamu aliuzwa mnadani, Ohio sheria ya jimbo ilikataza. Januari 1856 mto uliganda kwa baridi, na usiku mmoja mama mmoja mtumwa, Margaret Garner, akavuka barafu hiyo kwa miguu pamoja na mumewe na watoto wao, akafika Cincinnati. Walifuatwa, wakazingirwa. Alipoona watakamatwa, alimwua binti yake mdogo kwa kisu kuliko kumwacha arudishwe. Alirudishwa Kentucky, kwa maana sheria ya nchi nzima ilimtambua mwenye mali kuliko ilivyomtambua mama.

Mwaka huohuo, pahali palepale, Roebling alianza kuchimba misingi ya daraja. Wenye meli za moshi walilipinga, wenye vivuko walilipinga, na wapo wenye watumwa wa Kentucky walioona kwamba daraja litakuwa njia rahisi ya kutorokea kuliko barafu. Fedha ziliisha mwaka 1857, kazi ikasimama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, minara miwili ikabaki imesimama nusu nusu mtoni. Mwaka 1862 majeshi ya Kusini yalipoukaribia mji, watu wa Cincinnati walilazimika kupanga majahazi ya makaa ya mawe toka ukingo hadi ukingo ili askari wao wavuke, na hapo wengi walioona daraja ni anasa wakabadili fikira. Lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu Desemba 1866, na rasmi siku ya mwaka mpya wa 1867. Urefu baina ya minara ni futi 1,057, nalo likawa refu kuliko yote duniani. Lilianzwa baina ya nchi ya watumwa na nchi ya watu huru. Lilipomalizika, utumwa ulikuwa umefutwa katika katiba mwaka mmoja nyuma.

Nilipokuwa nikitembea juu yake, magari yalitoa mvumo kama wa nyuki, maana sakafu ya barabara ni ya wavu wa chuma na matairi huimba juu yake. Katikati ya daraja nilisimama kama mtalii yeyote. Kisha nikakumbuka viti viwili na mnyororo wa baiskeli, nikashuka mpaka mwisho wa kamba, pale zinapoingia ndani ya jumba la mawe. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa katikati.

Daraja la Brooklyn, New York, wengi mnalijua kwa picha, kwa hiyo nitapita haraka. (Kwanza, kwa heshima ya walimu wa Jiografia: East River huitwa mto, lakini kwa kweli ni mkondo wa bahari.) Roebling hakuliona. Mwaka 1869, akipima mahali pa kujenga, mguu wake ulibanwa na kivuko gatini, akafa kwa pepopunda baada ya majuma machache. Mwanawe, Washington, aliirithi kazi, naye akapata ugonjwa wa hewa iliyobanwa kutokana na kufanya kazi ndani ya masanduku makubwa chini ya mto. Toka mwaka 1872 alikuwa mgonjwa wa kukaa ndani, na mkewe, Emily, ndiye aliyejifunza hesabu za nyaya na kwenda na kurudi akipeleka maagizo kwa wahandisi mpaka daraja lilipofunguliwa tarehe 24 Mei, 1883.

Lipo jambo moja la Brooklyn ambalo sitalipita haraka. Mwaka 1878 iligunduliwa kwamba muuza nyaya, J. Lloyd Haigh, alikuwa akiwaibia. Wakaguzi walipima nyaya kiwandani, zikafaulu, zikapewa cheti, zikapakiwa kwenye gari. Njiani gari liliingia katika jengo jingine, nyaya nzuri zikashushwa na mbovu zilizokwisha kukataliwa zikapakiwa, zikaenda darajani pamoja na cheti kilekile. Zile nzuri zilirudi kiwandani kupimwa upya. Cheti kilikuwa halali. Waya ndio haukuwa. Zilipogunduliwa, nyingi zilikwisha kulazwa ndani ya kamba kuu na hazikuweza kutolewa. Washington Roebling alipiga hesabu kitandani: daraja lilikusudiwa liwe na nguvu mara sita ya mzigo wake, pamoja na nyaya mbovu lingekuwa na mara tano. Akaamuru ziongezwe nyaya kama 150 katika kila kamba. Zile mbovu zingali mle ndani hadi hii leo, na magari yanapita.

Nimefika sasa mahali ambapo niliahidi kufika. Mwaka 1928, mtoni Ohio kulekule, baina ya mji wa Point Pleasant, West Virginia, na ng'ambo ya Ohio, lilijengwa daraja la kuning'inia lililopakwa rangi ya fedha, likaitwa Silver Bridge. Wajenzi hawakutumia nyaya. Walirudi kwenye mnyororo, wakitegemea chuma kipya chenye nguvu nyingi: vipande virefu, kila kimoja chenye tundu katika kila ncha kama tundu la sindano, vikaunganishwa kwa pini. Kila kiungo kilikuwa na vipande viwili tu. Vikiwa viwili, kimoja kikikatika, cha pili hakiwezi kubeba peke yake.

Tarehe 15 Desemba, 1967, saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini na wengine wakitoka kununua vitu vya Krismasi, daraja lilikuwa limejaa magari. Kipande kimoja kilikatika kwenye tundu. Katika muda usiozidi dakika moja au mbili daraja zima lilikuwa majini. Walikufa watu 46. Wachunguzi walikusanya vyuma kutoka mtoni, wakavipanga upya kiwanjani, wakaona chanzo: ufa wa kina cha kama milimita mbili na nusu, uliojificha ndani ya kiungo, uliofanywa na kutu na mizigo ya miaka arobaini. Magari ya 1967 yalikuwa mazito mara mbili na zaidi ya yale ya 1928. Na hili ndilo linalonisumbua: mkaguzi mwaminifu kabisa, mwenye taa na ngazi, asingeuona ufa ule bila kukifungua kiungo. Daraja pacha wake, lililokuwa juu zaidi ya mto huohuo mahali paitwapo St. Marys, lilifungwa na kubomolewa mwaka 1971. Marekani, iliyokuwa haina utaratibu mmoja wa kukagua madaraja nchi nzima, ikatunga sheria mwaka 1968, na kanuni zikatoka mwaka 1971, kwamba madaraja ya barabara kuu yakaguliwe angalau mara moja kila miaka miwili.

Mwaka 2009 nilikuwa afisa kijana katika ofisi moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Kati ya kazi zangu palikuwa na kujaza fomu za mwaka za hali ya vivuko vya miguu. Kimoja kilikuwa daraja la kamba mbili za chuma na mbao, lililojengwa na wanakijiji wenyewe, mwendo wa saa tatu kutoka makao makuu kwa barabara mbaya. Gari la ofisi lilikuwa bovu, mafuta hayakuwapo, mwezi unakwisha. Katika safu ya "Hali ya mwisho wa kamba" nilinakili kilichoandikwa mwaka uliotangulia: Nzuri. Nikatia sahihi. Baadaye nilitambua kwamba hata aliyenitangulia alinakili.

Baada ya majuma sita mzee mmoja alikuja ofisini, miguu ina matope hadi magotini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akauliza kwa upole kama mimi ndiye niliyeandika kwamba daraja lao ni zima. Kamba moja ilikuwa imekatika asubuhi ya juzi yake. Daraja lililala upande na watoto wawili wa shule walikuwa juu yake. Walishikilia kamba ya pili hadi wakulima walipofika. Hawakufa. Mzee hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo nililoshindwa kulistahimili.

Nilikwenda naye siku ileile, kwa pikipiki ya kukodi. Katikati ya daraja kamba ilikuwa inang'aa, imesuguliwa na mikono ya watu. Fundi alichimba mahali ilipoingia ardhini, na chini ya udongo, shubiri moja tu, tukakuta kutu tupu; nyaya zilimomonyoka vidoleni kama majani makavu ya chai. Ufa wa Silver Bridge hakuna jicho ambalo lingeuona. Huu wetu ulihitaji jembe na nusu saa. Niliandika barua ya kueleza kosa langu, nikapewa onyo la maandishi, ambalo limo katika jalada langu la utumishi. Kamba mpya ziliwekwa kiangazi kilichofuata, na fundi aliongeza ya tatu kila upande bila kuambiwa.

Daraja la Wheeling, kwa wale watakaouliza, lilijengwa upya baada ya kuanguka, na katika miaka ya 1870 likaongezewa kamba za mshazari kwa mtindo wa Roebling, hata adui zake wawili wa zamani wakawa wamelishiriki. Lilifungwa kwa magari Septemba 2019, kwa sababu madereva hawakukoma kupuuza kibao cha kikomo cha uzito.

Siku ile kijijini nilichukua kipande cha kamba iliyokatika, urefu wa kiganja. Kimekuwa juu ya meza yangu katika kila ofisi niliyohamishiwa, nacho kilikuwa mezani nilipokuwa nikiandika makala haya. Siku ya mkutano nitakuja nacho pamoja na picha za Cincinnati, na Mwalimu Mkuu akiridhia, nitakikabidhi kwa maabara ya Fizikia. Viti viwili nadhani bado vipo. Mnyororo wa baiskeli sijui ni nani kati yetu aliyeuchukua.